KABLA HUJABEBA MCHE: Maua ya kijani mwaka mzima, yapi upande na yapi uyaogope

Kila vuli ikikaribia, huku Dar watu hukumbuka kupanda. Wauza miche wa kando ya barabara wanafanya biashara, watu wanashuka kwenye daladala na viriba viwili vitatu mkononi, halafu mwezi wa pili ukifika nusu ya miche hiyo imeshakuwa kuni.

Mimi ni kijana tu niliyemaliza kidato cha nne, sina cheti cha kilimo. Lakini kati ya vibarua vinavyonipa hela ya kuingia kafe na kuandika hapa, kimoja ni kukatia watu maua. Nimeingia nyua nyingi, na swali nalokutana nalo ni lile lile: "Mdogo wangu, nipande nini kisichokauka?"

Leo nalijibu kwa kirefu, maana jibu lake sio jina la mmea mmoja. Mmea utakaokaa kijani kwako ni ule uliouchagua kwa kuangalia maji yako, jua lako, nafasi yako na watoto wa hapo nyumbani. Rangi ya ua inakuja namba tano. Na hilo la watoto naomba mlisome hata kama dakika za kafe zinakata, kwa sababu baadhi ya mimea tunayozungushia nyumba zetu ni sumu. Sisemi sumu ya kutisha watoto wasichezee, nasema sumu ya kweli.

KIJANI MWAKA MZIMA MAANA YAKE NINI?

Angalia mbuyu na mwembe. Mbuyu kiangazi kikibana unapukutisha majani yote, unabaki matawi matupu. Mwembe uko vile vile, kivuli chake hakihami. Sio kwamba mwembe haudondoshi majani. Unayadondosha kila siku, ila kidogo kidogo, huku mapya yanatoka. Vichaka vya bustani vya kijani ndivyo vinavyofanya.

Hapo unapata somo la kwanza. Ukiona majani machache ya chini na ya ndani yamekuwa ya njano na kudondoka, usikimbilie dawa. Hayo ni mazee, yamemaliza kazi. Tatizo ni pale majani machanga ya juu yanapokuwa ya njano, au mmea mzima unapomwaga majani kwa mpigo.

Kwa wenzetu wa Ulaya kinachopukutisha majani ni baridi. Kwetu ni ukame. Kwa hiyo usiuamini mche unaouona Aprili kwenye masika, kila kitu kinapendeza wakati huo. Zunguka mtaani Septemba au Februari, angalia nyumba ambazo hazina mtu wa kumwagilia, uone nini bado ni kijani. Huo ndio mtihani, na majibu yako wazi barabarani.

SWALI LA KWANZA: UNA MAJI KIASI GANI?

Mnakumbuka Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipopungua maji na Dar ikaingia kwenye mgao? Hali kama ile ndipo utajua umepanda nini. Dumu la maji likiwa la kununua, hakuna mtu atakayeacha kupika ili anyweshee maua.

Kama maji kwako ni ya shida, chagua wavumilivu. Bogenvilia ni wa kwanza. Mhina nao ni mvumilivu sana, tena una faida: maua yake madogo yananukia, na majani yake ndiyo hina yenyewe ya mikononi mwa maharusi. Michongoma nayo, ile mimea ya miiba ambayo mbuzi wala kibaka haipiti, inakaa miaka na miaka bila mtu kuihudumia. Ila jina la mchongoma tunalitumia kwa mimea zaidi ya mmoja, kwa hiyo usinunue jina, angalia mmea wenyewe. Na ule msemo wa kupanda mchongoma kushuka ndiyo ngoma unamhusu pia anayepaswa kuukatia. Vaa nguo nzito.

Haibiskasi iko katikati, inavumilia lakini ikikosa maji muda mrefu inanyong'onyea. Krotoni, yale majani ya rangi rangi, na iksora, ile yenye vishada vya maua madogo mekundu, hao ni watu wa kunywa. Wakikosa maji wanaanza kumwaga majani.

Kama unatumia maji ya kisima yenye chumvi, kama visima vingi vya huku Pwani, iksora itakusumbua. Bogenvilia inayavumilia zaidi.

Nikiwa hapo kwenye bogenvilia, kisa kidogo cha kuhadithia kijiweni. Mmea huu sio wa kwetu, asili yake ni Amerika ya Kusini. Jina limetokana na nahodha Mfaransa, Louis Antoine de Bougainville, aliyezunguka dunia kwa meli kati ya 1766 na 1769. Mtaalamu wa mimea kwenye msafara huo, Philibert Commerson, aliukusanya Rio de Janeiro mwaka 1767. Msaidizi wake alikuwa Jeanne Baret, mwanamke aliyejifanya mwanaume ili apate kupanda meli, na ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Kingine: ile rangi unayoiona sio ua. Ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kidude cheupe kidogo katikati. Na ukiipa maji na mbolea kupita kiasi inatoa majani tu. Ibanie kidogo ndiyo itachanua.

SWALI LA PILI: JUA NA UDONGO VIKOJE?

Bogenvilia, haibiskasi na duranta ya njano wanataka jua kamili. Ukiipanda bogenvilia nyuma ya nyumba kwenye kivuli utapata kamba ndefu za miiba bila rangi. Krotoni inaishi kwenye kivuli, ila rangi zake zinafifia na kubaki kijani.

Kwenye udongo kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Iksora inapenda udongo wenye uchachu kidogo. Sasa nyumba nyingi zetu, ule ukanda wa karibu na ukuta umejaa mabaki ya saruji na chokaa ya mafundi, na vitu hivyo vinaua uchachu. Iksora hapo inashindwa kuchukua madini ya chuma hata kama yapo. Majani machanga yanakuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Mwenye nyumba anaona njano, anaongeza maji, hali inazidi kuwa mbaya. Dawa ni kuchimba shimo kubwa, kutupa mabaki yote ya ujenzi, kujaza udongo mzuri wenye samadi iliyooza. Au panda kitu kingine hapo, uende na iksora mbali na ukuta.

SWALI LA TATU: NAFASI UNAYO?

Mche kwenye kiriba una urefu wa mkono. Ukishakua, bogenvilia inaweza kupanda juu ya paa. Ukiupanda mstari wa ua juu kabisa ya mpaka, baada ya miaka michache nusu ya unene wake utakuwa kwa jirani, na hapo ndipo kesi za serikali ya mtaa zinapoanzia. Ingia ndani ya bikoni yako angalau nusu mita, na kwa mimea mikubwa au ya miiba ingia mita moja. Unene wote unabaki kwako, na unapata pa kupita kuukatia. Pia usipande juu ya chemba ya choo wala juu ya bomba la maji, na usipande kinachorefuka chini ya nyaya za umeme.

SWALI LA NNE: NANI ANACHEZA HAPO?

Hapa ndipo nilipotaka tufike.

MNYAA. Ni ile mimea ya vijiti vya kijani vya duara, kama haina majani. Mikoa ya kati, kama Dodoma na Singida, watu wanaitumia kuzungushia maboma na mashamba kwa sababu mifugo haiili na ukame hauiui. Kwa kazi hiyo ni mzuri. Lakini ukiuvunja unatoa maziwa meupe, na maziwa hayo yakiingia jichoni yanachoma na kuvimbisha jicho, na mtu anaweza kupoteza kuona kwa muda. Watoto wanavunja vijiti hivyo kwa mchezo, halafu wanapikicha macho.

OLEANDA. Majani marefu membamba kama ncha ya mkuki, maua ya pinki, meupe au mekundu, mengine yananukia vizuri. Ukitaka kuona picha andika Nerium oleander kwenye Google hapo hapo ulipo. Mmea mzima ni sumu ya moyo: jani, ua, gome, mizizi. Usitumie kijiti chake kuchomea mishkaki. Usiuchome moto kwenye takataka, moshi wake nao una madhara. Usiwape mbuzi matawi uliyokata, utawaua.

OLEANDA YA NJANO. Jina la kutafutia ni Thevetia peruviana. Maua ya njano kama tarumbeta ndogo, tunda la kijani linaloiva na kuwa jeusi. Ni ua la kawaida sana mitaani kwetu. Sumu yake nayo ni ya moyo, na iko kali zaidi kwenye mbegu. Tatizo ni kwamba tunda hilo linavutia kuchezea, na mtoto anayecheza kupika na wenzake hachagui cha kutia kwenye kikopo.

DURANTA. Hii inapendwa kwa majani ya njano na kwa sababu inakubali mkasi. Ila ikiachwa ichanue inazaa vitunda vya rangi ya machungwa vinavyoning'inia kama shanga. Vitunda hivyo ni sumu kwa watoto, na hata kwa mbwa. Habari njema ni kwamba ukiikatia mara kwa mara haipati nafasi ya kuzaa.

LANTANA. Vishada vya maua madogo ya rangi mchanganyiko, majani yanakwaruza na yana harufu kali. Vitunda vyake vibichi ni sumu, majani yake yanadhuru ng'ombe, na ndege wanasambaza mbegu hadi mashamba ya watu. Huu sioni sababu ya kuupanda kabisa.

Watu hudhani mmea usiotoa maziwa ni salama. Hapana. Duranta na lantana hazitoi maziwa meupe, na umeshaona nilichoandika. Na usiseme kwako hakuna mtoto. Uswahilini mtoto wa jirani ni mtoto wa nyumba, mlango ukiwa wazi anaingia.

Ikitokea utomvu umeingia jichoni, osha jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20 bila kupikicha, kisha nenda hospitali. Kama mtoto amekula tunda au jani, usimtapishe kwa nguvu na usisubiri uone dalili. Kimbia naye hospitali na ubebe tawi la mmea wenyewe mkononi, daktari ajue anapambana na nini.

Simwambii mtu aamke usiku ang'oe ua lote. Nasema ukijua unachoishi nacho unaweza kuamua. Mnyaa ukae pembeni ya shamba, sio dirishani. Oleanda kwenye nyumba ya watoto, mimi ningeitoa, kwa glavu, na kuifukia. Nafasi yake weka haibiskasi au asumini. Haibiskasi mtoto akiitafuna haina kesi, na asumini utapata maua ya kikuba au ya kuweka tu chumbani.

KUPANDA BILA KUTUMIA HELA NYINGI

Ukuta wa matofali ni hela ambayo vijana wengi hatuna. Ua la mimea gharama yake kubwa ni jasho, kwa sababu bogenvilia, haibiskasi, mhina na duranta zote zinaota kwa vipandikizi. Jirani anapokatia maua, mwombe matawi kabla hayajatupwa.

Chagua tawi lililokomaa lenye unene wa penseli. Kata urefu wa sentimita 20 hadi 25, chini tu ya jicho. Toa majani ya chini, bakiza mawili matatu ya juu. Chomeka nusu kwenye kiriba au kopo lililotobolewa chini, na hakikisha upande uliokuwa chini mtini unabaki chini. Ukigeuza hautaota. Weka kivulini, udongo uwe na unyevu lakini usiwe tope. Baada ya wiki kadhaa ukiona machipukizi mapya usishangilie haraka, tawi linaweza kuchipua kwa akiba yake kabla ya mizizi. Livute kidogo sana. Likikataa, mizizi ipo.

Hamishia ardhini mvua zikianza, vuli au masika, ili mbingu ikusaidie kumwagilia. Shimo liwe na kina na upana wa sentimita 30 hadi 45, changanya samadi iliyooza. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Toa kiriba kabla ya kufukia, maana nimeshafukua miche iliyodumaa nikakuta plastiki bado imeibana kama soksi. Kwa ua la kujikinga, mche na mche sentimita 30 hadi 50 zinatosha.

KUMWAGILIA

Kosa la wengi ni kikombe kimoja kila jioni. Maji yanalowesha juu tu, mizizi inabaki juu kuyafuata, na siku mbili za jua kali zinaimaliza. Mche mchanga upe maji mengi mara mbili au tatu kwa wiki, asubuhi au jioni, yazame chini. Mizizi itayafuata huko. Ukifikisha mwaka mmoja au miwili, bogenvilia na mhina hazikuhitaji sana.

Tandaza majani makavu au makumbi ya nazi kuzunguka shina ili unyevu usiondoke, ila acha nafasi ya kiganja kati ya matandazo na shina, mchwa wasipate daraja. Maji ya kuoshea mchele na mboga usimwage barabarani, ni ya maua hayo.

KUKATIA NDIYO SIRI YENYEWE

Watu wanaogopa mkasi. Wanaacha mche urefuke hadi kiunoni ndipo waanze kukata juu, matokeo yake juu pamejaa, chini pana matobo ya kupita kuku.

Fikiria mashamba ya chai ya Mufindi, Rungwe au Lushoto. Mchai ni mti. Ukiuacha unarefuka mita kadhaa. Unaonekana kama meza ya kijani kwa sababu unachumwa na kukatwa miaka yote. Ncha ya tawi inatoa homoni inayozuia macho ya chini yasichipue. Ukiikata ncha, macho ya chini yanaamka, tawi moja linakuwa mawili, mawili manne. Kwa hiyo anza mapema. Mche ukifika sentimita 30 kata theluthi ya juu. Utauma moyoni, lakini hapo ndipo unapojenga ua lililoshona kutoka chini.

Pili, umbo. Ua liwe kama ndoo iliyopinduliwa, chini pana na juu pembamba, ili jua lifike matawi ya chini. Ukilifanya juu pana, chini patakosa mwanga na patabaki vijiti.

Tatu, usikate zaidi ya theluthi kwa mara moja, na makato makubwa fanya mwanzo wa mvua. Bogenvilia na haibiskasi zinachanua kwenye matawi mapya, kwa hiyo ukizinyoa kila wiki unatupa maua yenyewe. Subiri zimalize kuchanua. Na kabla ya kuingiza mkasi chungulia ndani, ndege wanapenda kujenga humo.

WADUDU NA MBU

Ukiona vitu vyeupe kama pamba kwenye ncha za haibiskasi, hao ni vidung'ata. Wakiwa wachache kata ncha hizo uzitupe mbali. Wakizidi, nyunyizia maji yenye sabuni kidogo jioni, chini ya majani pia, na urudie baada ya siku chache. Sisimizi wakiwa wanapanda na kushuka, jua kuna wadudu wanaonyonya, sisimizi wanafuata utamu wao.

Mwisho, kuna wazee wanasema maua yanaleta mbu. Mbu wakubwa wanaweza kupumzika kwenye kichaka mchana, hilo kweli, lakini mbu hazaliwi kwenye jani. Anazaliwa kwenye maji. Dar tulipopata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019, mbu wanaohusika walikuwa wale wanaozaliana kwenye makopo, matairi na hata visahani vya chini ya vyungu vya maua. Usifyeke ua lako ukaacha kisahani na maji. Kimwage kila wiki.

Kwa leo naishia hapo. Kama kwenu mmea niliotaja una jina jingine, wa Tanga, Mombasa, Kigoma au popote, andikeni hapo chini, maana huku kwetu yote tunayaita "maua" hata yasiyochanua, na majina yakijulikana ndipo mzazi atajua yupi wa kuuondoa. Na wewe uliyesoma ukiwa nyumbani kwa wazazi, kabla ya giza toka nje uangalie ua lenu ni la mmea gani.